Maneno Niliyompa Yuda

Kabla ya mwaka ule, hakuna mtu pale usharikani kwetu aliyekubali kuwa Yuda kwa hiari. Yesu tulikuwa naye wa kudumu, seremala mmoja mrefu mwenye ndevu zake. Petro alikuwa akigombaniwa na wazee wazima na heshima zao. Ukifika kwa Yuda sasa, kila mtu anakumbuka ana msiba huko Magu. Kijana aliyecheza mwaka uliotangulia alichapwa kandambili na bibi mmoja pale pale uwanjani. "Umemuuza Bwana wetu, we mshenzi!" Bibi wa watu hakuwa anatania. Kijana akahama usharika, na mimi sikumlaumu.

Maigizo nilikuwa nayaandika mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo, mume sina, mdomo ninao. Igizo kubwa lilikuwa la Pasaka. Tulilicheza Ijumaa Kuu, nje, kwenye uwanja wa wazi pale Kirumba, maana kanisani watu wasingeenea. Walikuja Wakristo na wasio Wakristo, wapagazi wa soko la Mwaloni na harufu yao ya dagaa, na hata mzee wa Kihindi mwenye duka la nyavu alikuwa anafunga mapema na kuja kusimama nyuma na wajukuu zake. Mimi nilikaa pembeni na karatasi zangu, midomo ikifuatisha maneno ya kila mmoja. Siku hiyo moja kwa mwaka nilijiona mtu.

Basi, Kwaresima ya mwaka ule maneno yalinikauka. Watu wanadhani mwandishi wa Kikristo anapiga magoti, anasema amina, halafu Roho Mtakatifu anamshikia kalamu. Thubutu! Nilifunga. Nilisali asubuhi kabla ya shule, nikasali jioni nikitoka bombani. Hakuna kitu. Naandika ukurasa, nausoma, nauona mkavu kama ugali wa jana, nauwashia moto wa chai. Mwenyekiti wa umoja wa kina mama, mjane mmoja wa Kisukuma ambaye sote tulimwita Mayu kama anavyoitwa mama kwao, akawa ananiletea mayai na maneno ya kunitia moyo. "Usikate tamaa, mwanangu. Aliyekupa kipaji hajalala." Nikala mayai. Mungu nilimwambia wazi, maana mimi huwa sinaga adabu ndefu: kama hutaki niandike, sema, nikafuge kuku.

Yalikuja nikichambua mchele. Sikuwa nasali. Nilikuwa nimemkasirikia mwenye duka aliyenipimia mawe na kuyaita mchele, mara nikamsikia Yuda anabisha hodi. Haki ya Mungu, nilimsikia. Si yule Yuda wetu wa miaka yote, wa kukenua meno na kutikisa mfuko. Huyu alikuwa ameshafanya alichofanya, amerudi jioni kwa wenzake, ana njaa, anaomba afunguliwe mlango. Anawaita mmoja mmoja kwa majina. Anawakumbusha njia walizotembea pamoja, mvua iliyowanyeshea, samaki waliowala kwenye jani moja. Ndani wanamsikia, na hakuna anayefungua. Niliacha ungo nikakimbilia karatasi za majaribio ya darasa la nne, nikaandika nyuma yake, machozi yananitoka bila kujua namlilia nani. Nilipoinuka, kuku wa jirani walikuwa wamemaliza mchele. Sikujali hata kidogo.

Wa kwanza kusomewa alikuwa mdogo wangu. Tulizaliwa tumbo moja, mimi wa kwanza, yeye kitinda mimba, na tangu mama yetu afariki kule Ukerewe nilimlea mimi. Alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu ujana wake, mpaka kiwanda kikaanza kupunguza watu. Miaka ile neno "kupunguzwa" liliingia kila nyumba. Mitumba imejaa barabarani, nani atanunua kitenge cha kiwandani? Walipompunguza alikaa nyumbani kitambo, anatazama ukuta. Halafu siku moja akashuka Mwaloni kujaribu udalali wa dagaa.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtu anatoka kisiwani na magunia yake, hawezi kukaa mjini kumngoja mnunuzi. Anamwachia dalali mzigo, anarudi kwake kuvua. Dalali anauza kwa wafanyabiashara wa kutoka Kongo au wa huko bara, na mwenye mali akija tena anapewa chake. Hawaandikiani chochote. Dalali hana duka, hana mizani yake, hana hata gunia. Ana jina tu. Watu wakisema fulani ni mtu, mzigo unamfuata. Na mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuitwa mtu. Kina mama wa Nansio, bandari ya Ukerewe, walikuwa wakishuka kwenye boti wanamuulizia yeye. Nyumbani alikuwa ameanza kucheka tena.

Alinisikiliza huku anamenya muhogo. Nilipomaliza, kisu kilikuwa kimesimama.

"Dada, huyu Yuda wako anatia huruma."

"Ndivyo nilivyopewa."

"Nani atamcheza?"

Nikamwambia sijui, labda tumtafute mlevi mmoja tumpe soda. Akacheka.

"Nitamcheza mimi. Yuda naye ni kazi kama kazi nyingine."

Nilimkumbatia na muhogo wake mkononi. Nani angeona ubaya hapo? Hata leo nikigeuza geuza siuoni.

Ijumaa Kuu ile sijaona nyingine mfano wake. Mdogo wangu alikuwa mtu wa sauti ya chini, lakini alipobisha hodi kwenye ule mlango wetu wa mabanzi, uwanja wote ulinyamaza, hata watoto. Aliwaita wale wanafunzi kama mtu anayeita ndugu zake kabisa. Alipofika kwenye habari ya mvua, mzee mmoja wa mbele akashindwa kuvumilia, akapaza sauti, "Jamani, si mfungulieni!" Hakuna aliyemcheka. Kina mama walilia mpaka wakaketi chini. Bibi wa kandambili alikuwepo, naye akalia, kandambili miguuni.

Sifa zilizonipata baada ya hapo, acha tu. Mchungaji alinishika bega mbele ya watu, "Mwalimu, hii si akili yako, hii imetoka juu." Mayu alinishika mikono yote miwili, "Roho alikushukia, mwanangu, tumemwona." Mwinjilisti mmoja wa ng'ambo ya ghuba alivuka na kivuko cha Kamanga kuja kuomba nakala, wakacheze huko kwao. Nisiwe mnafiki, nilifurahi. Nilitembea siku nyingi nikiimba, na nilimwomba Mungu msamaha kwa yale maneno ya kuku.

Mwaloni nako habari ilikuwa imefika. Mdogo wangu aliporudi kazini baada ya sikukuu, mpagazi mmoja alimpokea, "Shikamoo, Yuda!" Wakacheka wote, naye akacheka. Utani ndiyo maisha yetu huku. Watani wanatukanana hadi msibani, na asiyetaniwa ujue hapendwi. Walimpenda kwa lile igizo, ndiyo maana wakampa jina. Jioni akanisimulia huku meno yote nje. "Dada, nimekuwa maarufu." Nami nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Jina la utani likishakaa Mwaloni halibanduki. Kuna wazee pale walizikwa, na wapagazi wakaulizana kaburini huyu anayetajwa na mchungaji ni nani. Mvua za vuli zilipoanza kunukia, vijana wapya wa pale hawakujua kama mdogo wangu ana jina jingine. Mwanamke anashuka na magunia kutoka kisiwani, anauliza dalali mzuri ni yupi. "Nenda kwa Yuda, yule pale." Mwanamke anasimama. Anaelezwa, ah, mama, ni igizo tu la kanisani. Anasema sawa, nimeelewa, halafu mzigo anampelekea mwingine. Ingekuwa wewe, ungempa Yuda mali yako? Mimi mwenyewe nisingempa.

Bado walibaki wateja wake wa mwanzo. Ikaja mvua moja ya ghafla, turubai likapasuka, dagaa za watu wengi zikaloa na kuvunda. Iliwapata madalali karibu wote, na wenye mali walilalamika, wakatupa, wakarudi ziwani. Ila kwa mdogo wangu haikuwa hivyo. Mama mmoja wa Nansio, mteja wake wa tangu siku ya kwanza, mtu aliyewahi kula nyumbani kwangu, alisimama juu ya yale magunia akashika kiuno. "Dagaa zangu umeziuza. Haya mavundo umeyaokota wapi? Bure hawakuiti Yuda." Mtu akajaribu kumtuliza, naye akamjibu, "Lisemwalo lipo." Mdogo wangu aliapa kwa kaburi la mama. Wale wapagazi waliokuwa wakicheka kila siku, siku ile hawakucheka. Aliniambia hicho ndicho kilichomvunja, kwamba hakuna aliyecheka.

Nikashuka Mwaloni mwenyewe, chaki bado mikononi. Niliwakuta wapagazi wamekaa wanakunywa kahawa, nikawafokea kama darasa la tatu. Mdogo wangu ana jina alilobatizwa! Nyie hamna wazazi? Mnamuua mtu kwa midomo, halafu Jumapili mnakuja kupokea meza ya Bwana! Waliniacha nimalize. Kisha mmoja wao, kijana mpole kabisa, akaniambia, "Utusamehe, mwalimu. Lakini si wewe uliyemwandika?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtoto anayeuliza hesabu. Mdomo wangu wote ule, nikajifuta chaki kwenye kanga, nikageuka. Nikiwa naondoka nilisikia nyuma yangu mtu akimwelekeza mwenzake kwamba huyo ni dada yake Yuda.

Mchungaji naye akaona asaidie. Jumapili, kwenye matangazo, katikati ya habari ya uji wa watoto na kwaya ya vijana, akawasihi waumini waache kumwita ndugu yetu yule Yuda. Nia yake njema, simlaumu. Ila wale waliokuwa hawajui wakaanza kugeuza shingo kumtafuta ni yupi. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu nami, anatazama kitabu cha nyimbo ambacho hakijafunguliwa.

Nikasema, jina limetoka kwenye igizo, basi igizo ndilo litakalolifuta. Krismasi nikamwandikia Yusufu. Mume mwema, mwaminifu, mlinzi wa mtoto. Nani atamwita Yuda baada ya hapo? Yeye hakutaka. "Dada, tuachane nayo, watasahau wenyewe." Nikambembeleza, akakubali kwa ajili yangu. Akavaa kanzu nyeupe, tukampa mtoto mchanga wa mwanakwaya mmoja, mtoto wa kweli mwenye joto lake. Alipomwinua tu, sauti ikatoka nyuma: "Mama, mchukue mwanao, huyo atamuuza!"

Uwanja ulipasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Kwaya ilicheka. Mayu wangu mwenyewe aliziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Mdogo wangu hakumwachia mtoto. Alimfunika masikio kwa pindo la kanzu, akasema maneno yake yote niliyomwandikia, mstari kwa mstari mpaka mwisho, na sidhani kama kuna mtu aliyesikia hata moja. Nilikuwa nimesimama pembeni na karatasi zangu. Nilitaka ardhi inimeze.

Nilimrudia Mungu, wala si kwa upole. Nilimwambia: maneno yale uliyatoa wewe, mimi sikuyaiba kwa mtu. Basi yachukue. Au nipe mengine ya kuyafuta, hata mstari mmoja, wewe unashindwa nini? Nilifunga tena. Nilichambua mchele mpaka ukawa hauna hata vumbi, natega sikio. Kimya. Sijawahi kusali kwa bidii kama miezi ile, na sijawahi kujiona mnyonge hivyo, mtu mzima nimepiga magoti jikoni, nasubiri kama kipofu aliyeachwa barabarani.

Na kutiwa moyo nako hakukukoma, ndiyo uone maajabu. Mwinjilisti wa ng'ambo alivuka tena, uso unang'aa, kuniambia igizo limechezwa sharika nyingi huko Sengerema. "Watu wameokoka, mwalimu! Walevi wameacha pombe! Andika jingine, Mungu anakutumia." Nikamtazama. Nifurahi? Nilie? Kama ni kweli wameokoka, mimi ni nani niseme Mungu alikosea? Lakini nyuma ya ukuta mdogo wangu alikuwa amelala mchana kweupe, hana mzigo, hana mteja, anasikia kila neno. Nilimwekea mgeni chai, nikamwongezea sukari, nikamwambia asante. Sikuwa na kingine.

Kwa Mayu nilishindwa kuvumilia. Alikuja na mayai yake, akaanza na habari ya kipaji, nikamkatiza. "Mayu, huyo Roho aliyenishukia mimi, mbona amemkanyaga mdogo wangu?" Nilidhani atanikemea. Aliweka kikapu chini, akakaa kwenye kigoda, akaanza kulia. "Na mimi nilicheka," akasema. "Siku ile ya mtoto, na mimi nilicheka, mwanangu." Hakunipa mstari wa Biblia wala hakuniombea. Tulilia tu sote wawili mpaka moto ukazimika. Katika watu wote walionitia moyo maishani mwangu, naona aliyenitia moyo kweli ni yeye siku ile, ingawa hakunisaidia chochote na hali haikubadilika.

Mdogo wangu alijaribu mwalo mwingine wa kushushia samaki, akajaribu kuuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayotupwa na viwanda vya minofu. Kila alipokwenda alikuta jina limeshamtangulia. Mwishoni akaamua kurudi Ukerewe kwa mjomba, akalime muhogo kwanza, kisha aanze kukusanya dagaa huko huko na kuwauzia wanaokuja. "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," akaniambia, akijifanya anatania. Nilimwuliza kama ananichukia. Akashangaa kweli. "Kwa lipi, dada?"

Asubuhi ya safari nilimsindikiza bandarini. Alikuwa na godoro lililofungwa kamba, na ndoo yenye vyombo. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kumpa. Mimi ambaye watu walivuka ziwa kuja kuchukua maneno yangu, mimi niliyewaliza wanaume uwanjani, nilitaka sentensi moja tu ya kumbariki kitinda mimba wa mama yangu. Tukafika kwenye geti. Nikamuuliza kama amekumbuka kiberiti.

"Nimebeba," akasema. Halafu akanishika mkono. "Dada, usije ukaacha kuandika kwa sababu yangu. Yale maneno yalikuwa ya kweli. Nilipokuwa nagonga ule mlango nilikuwa namsikia yule mtu ndani yangu." Akatazama meli. "Na kule kwa mjomba, mbali na Nansio, hawanijui kwa hili. Naanza upya kabisa."

Akapanda. Nilimwona amepata nafasi kwenye sitaha, amekalia godoro lake katikati ya kina mama wa kisiwani na vikapu vyao. Mmoja alikuwa anamuuliza jambo, naye anamjibu, wanacheka. Nikasema moyoni, Bwana, angalau hilo.

Wapagazi walikuwa wanapita na magunia kichwani, na baadhi yao walikuwa wa Mwaloni. Mmoja akainua macho, akamwona, uso ukamjaa furaha. "Yuda!" akapaza sauti. "Kaka, ndiyo unatuacha? Safari njema, Yuda wetu! Tutakukumbuka!" Wenzake nao wakadakia, Yuda, Yuda, wanampungia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mzigo. Walimpenda, Mungu ni shahidi. Sitaha nzima iligeuka kumtazama. Yule mama aliyekuwa akicheka naye alivuta kikapu chake, akakiweka kati ya miguu yake.

Mdogo wangu aliinua mkono akawapungia wapagazi, anatabasamu, maana angefanya nini?

Nikamwita. Nilimwita kwa jina lake alilobatizwa, kwa sauti yangu yote ya darasani, nikarudia, nikarudia tena. Watu kwenye meli wakaanza kutazamana, kila mmoja akimtafuta mwenye jina hilo.